Barua ya wazi kwa wakubwa wa Ohio: kutukatia siku 14, kuturudishia miaka mingapi?

Kwa Mheshimiwa Gavana, kwa waheshimiwa wabunge 99 na maseneta 33 mnaokaa pale Statehouse, Broad na High, na kwa makamishna watano wa ile tume ya huduma za umma, PUCO, ambao mko mtaa huohuo wa Broad, hatua chache tu.

Wale mnaonizidi umri shikamooni, wengine habari za kazi.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nabeba boksi kule Groveport shifti ya usiku, nimefika hapa Columbus 2014 natokea Kigoma. Sina cheo chochote ila kimoja ambacho sikukiomba: mimi ndiye msomaji wa barua wa jengo letu. Jumamosi nikishatoka kazini nikalala masaa matano hivi, ikigonga saa nane mchana mlango umeshaanza kugongwa, mmoja ana barua ya shule, mwingine ya hospitali, lakini waheshimiwa mkitaka kujua ukweli nusu ya hizo bahasha ni za umeme na gesi. Ndiyo maana nawaandikia nyie, siyo walimu wala madaktari.

Jumamosi ya juzi kaja mama mmoja Mkongo, mtu mzima, alikaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu miaka mingi kabla hajaletwa huku. Karatasi zake zote anaziweka kwenye mfuko mmoja wa plastiki, kadi za chanjo, karatasi za uhamiaji, bili, matangazo ya pitsa, vyote humo humo maana hajui kipi kina thamani na kipi hakina, kwa hiyo hatupi kitu. Ananiambia "dada, uniangalilie hii, iko inasema nini?" Nikaitoa. Ilikuwa notisi ya kukatiwa. Dola 214. Mnatoa siku 14 na yeye zilikuwa zimebaki nne, kumi zilikuwa zimelala kwenye mfuko kati ya kuponi ya kuku na barua ya msikiti ambao hata siyo wake. Wala siyo kwamba hana hela, hela anayo, anapokea mshahara wa kazi ya usafi kila wiki mbili, hakujua tu. Ukurasa wa kwanza hauna hata neno moja analoweza kulisoma isipokuwa jina lake, na lenyewe limekosewa.

Tukapiga simu, nikasubiri kwenye laini dakika hamsini na kitu mziki unapiga, tukalipa, yakaisha. Lakini toka siku hiyo hilo jambo la siku 14 halijanitoka kichwani. Maana nimekaa nikajiuliza, hii Ohio saa zake zinaendaje? Kwetu sisi inakimbia. Kwenu nyie inatambaa. Na wakati mwingine kwenu pia inakimbia, inategemea ni nani anayesubiri nje ya mlango.

Niwakumbushe. Tarehe 23 Julai 2019, ile sheria mnayoiita House Bill 6 ilipita bungeni kwa kura 51 kwa 38, na siku hiyohiyo, hata jua halijazama, Gavana akaisaini. Siku moja. Sheria ya kubeba vinu viwili vya nyuklia, Davis-Besse na Perry, kwa zaidi ya dola bilioni moja za walipa bili, pamoja na mitambo miwili ya makaa ya mawe ambayo mmoja wala haupo kwetu, uko Indiana. Mimi wakati ule nilikuwa sielewi hata hizo habari zinahusu nini, nakumbuka tu kwenye tivii kulikuwa na matangazo ya kutisha ati serikali ya China inataka kuchukua umeme wetu, na mume wangu kila likija anaongeza sauti. Tukawa tunaogopa Wachina. Kumbe tangazo lile lilikuwa la kuzuia watu wasisaini karatasi za kuipeleka hiyo sheria kwenye kura ya wananchi. Waliokuwa wanakusanya sahihi walitakiwa wapate 265,774 ndani ya siku 90, na hizo siku 90 zenyewe nyingine zililiwa na kusubiri mwanasheria mkuu apitishe maneno ya fomu, na barabarani kuna watu wanalipwa wawafuatefuate wakusanyaji na wengine wanarubuniwa kwa hela waache kazi. Oktoba ikafika, muda umekwisha, asanteni kwa kushiriki. Mwananchi hakuongezewa hata siku moja.

Sasa angalieni saa inavyogeuka. Julai 2020 FBI wanamkamata Spika, Larry Householder, na wenzake. Mashtaka yanasema kama dola milioni 60 zilipita kwenye chama chake cha pembeni, Generation Now, za kumfanya awe Spika na kuipitisha hiyo sheria na kuilinda, nyingine zikaenda kulipa madeni yake na kutengeneza nyumba yake ya Florida. Mtu amekamatwa, dunia nzima imeona. Novemba mwaka huohuo akachaguliwa tena, haya, hiyo ni shauri ya wapiga kura wa kwake. Lakini nyie wenzake bungeni mkakaa naye mpaka Juni 2021 ndiyo mkamfukuza. Miezi karibu kumi na moja! Mimi nikichelewa kazini mara tatu nafukuzwa, tena kwa meseji.

Haya. Julai 2021 kampuni ya umeme ya FirstEnergy wenyewe wakakubali kwa maandishi mbele ya waendesha mashtaka wa shirikisho kwamba walitoa hizo hela, wakalipa dola milioni 230 ili kesi isimamishwe. Machi 2023 Householder akapatikana na hatia, Juni akapigwa miaka 20. Na kuhusu mwenyekiti wa tume yenyewe, Sam Randazzo, yule ambaye kazi yake ilikuwa kusimama katikati yetu na makampuni, kampuni ilikiri kwamba ilimlipa dola milioni 4.3 kidogo tu kabla hajaingia kwenye kiti. Alishtakiwa, akakana, akafariki Aprili 2024 kesi haijasikilizwa, kwa hiyo hukumu hakuna na mimi siwezi kumhukumu marehemu. Ninachouliza ni kuhusu kiti. Jinsi gani mtu anapewa kiti kile bila mtu kumuuliza swali ambalo kwetu hata mwenyekiti wa kikoba anaulizwa: ndugu, unamdai nani na nani anakudai?

Mtaniambia sheria ilifutwa. Nusu, ndiyo. Ya nyuklia, ile senti 85 kwa mwezi kila nyumba, mahakama iliizuia kabla haijaanza kukatwa na Machi 2021 mkaifuta, hapo nawapa haki yenu. Ya makaa ya mawe mkaiacha. Hii ndiyo inaniuma mpaka leo. Ile mitambo, Kyger Creek wa hapa Ohio na Clifty Creek wa Indiana, ni ya tangu 1955, ilijengwa ili kulisha umeme kiwanda cha serikali cha kurutubisha urani kule Piketon, miaka ya vita baridi. Babu yangu alikuwa bado anavua dagaa Ziwa Tanganyika kwa taa ya karabai. Na mimi, mjukuu wake, nikija Columbus nakuta nailipia hasara ya mitambo hiyo kila mwezi kwenye bili bila kuambiwa. Aliyenunuliwa ili sheria ipite yuko jela, sheria yenyewe iko mtaani inakusanya hela. Mpaka mlipoiondoa kwa House Bill 15, iliyoanza kazi Agosti 2025. Toka Spika akamatwe mpaka hapo ni miaka mitano na wiki tatu. Nimehesabu kwenye kalenda ya simu, ni siku 1,850. Na sisi mnatupa 14.

Najua kuna atakayesema mama acha makelele, kiwango cha juu kwa nyumba moja kilikuwa dola moja na nusu kwa mwezi, hata soda hainunui. Waheshimiwa, haba na haba hujaza kibaba, na safari hii kibaba hakikuwa chetu. Tena kule nyumbani tuna LUKU, unanunua umeme kwanza ndiyo unawasha, na toka 2021 serikali inakata kodi ya jengo humohumo kwenye LUKU, watu walilalamika sana. Lakini walilalamika kwa sababu wanaiona! Mtu akinunua umeme anaiangalia risiti pale kwa wakala, hii ya kodi, hii VAT, uniti ni hizi. Bili ya hapa ina kurasa mbili mbele na nyuma na nimeisoma kwa miaka kumi na bado kuna mistari siwezi kumweleza jirani ni ya nini, na mimi ndiye msomaji.

Tuje kwenye kurudishiwa. Mahakama Kuu ya Ohio mwaka 2019 ilisema ile nyongeza ya FirstEnergy iliyoitwa ya kuboresha mtandao wa umeme haikuwa halali kwa sababu kampuni haikulazimishwa kuitumia kuboresha chochote. Ndugu zetu wa Akron na Cleveland na Toledo walikuwa wameshalipa dola milioni 456. Mnadhani zilirudi? Hazikurudi. Kwa sababu kuna kesi ya 1957, inaitwa Keco, inayosema bei ikishapitishwa na tume basi iliyolipwa imelipwa, hata kama baadaye mahakama itasema haikuwa halali. Nilimweleza hili mzee mmoja wa Burundi pale kwetu, mtu mpole sana, akanyamaza kidogo akasema: kwa hiyo mwizi akikamatwa na mbuzi anaambiwa usiibe tena, na mbuzi anaenda naye? Sikuwa na jibu. Kama nyie mnalo naomba mnipe nimpelekee.

Ili nisiwe mchoyo, mwishoni mwa 2025 tume iliamuru FirstEnergy ilipe karibu dola milioni 250 kwa mambo ya House Bill 6, nyingine faini na nyingine za kurudi kwa wateja. Nilipoisoma nilipiga kigelegele humo jikoni mpaka mtoto akatoka chumbani. Halafu nikakaa nikahesabu tena. Miaka sita. Kuna watu walioilipa wameshahama jimbo, wengine wameshazikwa.

Sasa niwasogeze karibu na mlango wangu, maana haya ya mamilioni nyie mnayajua kuliko mimi, ila ya mlangoni sidhani kama mnayajua.

Mnajua kwamba hapa Ohio mtu anaweza kuchagua nani amuuzie umeme, wenye nguzo wanabaki walewale ila anayeuza anabadilika. Nia labda ilikuwa nzuri. Kinachotokea ni hiki: saa kumi jioni kijana anapiga hodi, kavaa fulana ya rangi na kitambulisho kinaning'inia shingoni na tableti mkononi, anatabasamu, hasemi anauza kitu. Anasema "naomba kuona bili yako, kuna punguzo hujapata." Kwetu sisi mtu mwenye kitambulisho shingoni ni serikali. Kambini aliyekuwa anakuja na kitambulisho shingoni na kuomba karatasi yako ni yule anayehesabu watu kwa ajili ya mgao, ukimnyima karatasi unakosa unga. Basi mama wa watu anakimbia kuleta bili, kijana anapiga picha namba ya akaunti, anampigia mtu simu, anamwambia mama "ukiulizwa sema yes," na mama anasema yes, yes, yes, mara sita, na mkataba umeshapita. Hiyo simu ndiyo mnayoiita uhakiki, ndiyo ulinzi mliotuwekea. Nimeishuhudia kwa macho yangu kwenye korido yetu, na siwezi kuwacheka kwa sababu mwaka 2018 mimi mwenyewe, na Kiingereza changu hiki, nilisaini. Miezi mitatu ya kwanza bei ilikuwa tamu, mwezi wa nne ikapanda, wa tano ikapanda tena, nikadhani watoto wanaacha hita inawaka usiku nikawagombeza bure. Kampuni siitaji, ziko nyingi na nyimbo yao ni moja. Baadaye ndiyo nikajua kuna siku saba za kujitoa baada ya barua ya uthibitisho kuja, na kwamba kwenye bili kuna bei ya kulinganisha, unaiweka hiyo pembeni ya bei ya kijana wa fulana unaona mwenyewe. Nani aliniambia? Siyo jimbo. Aliniambia Mnepali mmoja tunayepanga naye maboksi.

Halafu kuna hii ya mita za wenye nyumba, na hapa nawaomba wabunge wa Columbus hasa msikie vizuri. Kuna majengo ambayo hulipi kampuni ya umeme moja kwa moja, kampuni inamuuzia mwenye jengo kwa jumla, na katikati kuna mtu mwingine ameweka mita zake ndogo, yeye ndiye anakuandikia bili. Dada yangu wa kiukoo alipanga kwenye jengo la hivyo upande wa kaskazini, jipya, zuri, lifti inanukia. Alipopunguziwa masaa kazini bili ikamshinda, nikamwambia usihofu, kuna mpango wa jimbo unaitwa PIPP, ukiwa kipato chako hakizidi asilimia 175 ya kiwango cha umaskini unalipa asilimia 5 ya kipato kwa umeme na 5 kwa gesi, na ukilipa kwa wakati deni la zamani wanakufutia kidogo kidogo kila mwezi mpaka miezi 24 linaisha. Nilijisikia mtaalamu. Tukajaza fomu, tukapeleka vipande vya mshahara, jibu likarudi: hapana, mita yako siyo ya kampuni, haikuhusu. Umeme ni uleule! Umetoka kwenye waya uleule, umepita nguzo ileile, jirani wa ng'ambo ya barabara ana haki na yeye hana, kwa sababu ya kiboksi kidogo ukutani ambacho wala hakukichagua. Jambo hili limeenda mbele ya tume, limeenda mahakamani, linazunguka miaka na miaka. Na wakati kesi inazunguka, notisi yake ya kukatiwa haikuzunguka popote, ilikuja moja kwa moja.

Nisiseme mabaya tu. Hiyo PIPP yenyewe ni kitu kizuri, nimeona familia zimepumua. Na ile amri yenu ya baridi, kwamba kila msimu toka Oktoba mpaka Aprili mtu anaweza mara moja kulipa dola 175 asikatwe au arudishiwe hata kama anadaiwa zaidi, hiyo imeokoa watu, na simaanishi kwa mfano, namaanisha mtoto mchanga na nje ni chini ya sifuri na fenesi imezima (jengo letu zima tunaliita hivyo lile dude la kupasha moto nyumba, fenesi, mgeni akisikia anadhani tunakula). Pia daktari akiandika cheti kwamba kuna mgonjwa ndani, wanasubiri siku 30. Vizuri kabisa. Lakini niambieni, kitu kizuri namna hii kwa nini kimefichwa kama dhambi? Kati ya watu niliowasomea barua msimu uliopita sijampata hata mmoja aliyekuwa anaijua hiyo ya dola 175 kabla sijamwambia. Makampuni yakitaka kutuuzia kitu yanajua Kiswahili, nimeshapokea kipeperushi cha kutuma hela kilichoandikwa Kiswahili safi kuliko changu. Dawa za hospitali nazo zinaelezwa kwa Kiswahili kwa simu, mkalimani anaingia kwenye laini dakika mbili. Ni umeme tu ndiyo unajua Kiingereza peke yake.

Na tunaona kwamba mkitaka mnaweza. Julai 2025 tume iliamua kwamba vile vituo vya data vinavyojengwa hapa pembeni ya Columbus, New Albany na kwingine, vinavyokula umeme kama mji mzima, vilipie angalau asilimia 85 ya umeme vinavyosema vitahitaji, kwa miaka mpaka 12, hata visipoutumia wote, ili nyaya mpya zisije zikaangukia kwenye bili za sisi wengine. Makampuni makubwa ya dunia nzima yalikuwa upande wa pili na bado mkaamua. Nilishangaa, nikasema kumbe hawa watu wana uti wa mgongo. Sasa uti huohuo tunauomba na huku kwetu. Maana bili zilipanda sana Juni ile ya 2025, na tulipouliza tukaambiwa ni mnada wa PJM, wale wanaoendesha mtandao mkubwa wa umeme, bei ya kuhakikisha umeme unakuwepo ilitoka dola 28.92 ikaenda 269.92 kwa megawati kwa siku, zaidi ya mara tisa, na kwamba huo mnada siyo wa Ohio, unahusu majimbo 13, kwa hiyo nyie mikono imefungwa. Sawa, naelewa kidogo. Ila notisi za kukata hazipigwi mnadani, hizo ni za kwenu.

Kwa hiyo ninachoomba siyo huruma, naomba saa ileile kwa wote. Kama mlipaji ana siku 14, basi kampuni ikiambiwa na mahakama au tume kwamba ilichotoza hakikuwa halali, nayo iwe na siku zake za kuhesabika kwa vidole, na hela irudi yenyewe kwenye bili bila mtu kujaza fomu, toka siku ya kwanza iliyokatwa na siyo toka siku hakimu aliposaini. Hilo ni la bunge, tume itasema haina mamlaka, na ni kweli haina, ndiyo maana nawaandikia wote kwenye barua moja msije mkarushiana. Hiyo Keco ni uamuzi wa majaji kusoma sheria yenu, andikeni sheria nyingine. Aliye nyuma ya mita ndogo apewe haki zilezile za aliye nyuma ya mita kubwa, hili mnaweza kulimaliza kipindi hiki hiki cha bunge na hamhitaji kusubiri mahakama yoyote. Kijana wa fulana akipata yes ya mlangoni isihesabike mpaka mtu amepigiwa siku nyingine na mtu anayeongea lugha yake, yule kijana hayupo. Na ukurasa wa kwanza wa notisi ya kukatiwa uwe na mistari miwili kwa Kiswahili, Kisomali, Kinepali, Kihispania, Kiarabu, Kifaransa: HII NI NOTISI YA KUKATIWA, TAREHE FULANI, PIGA NAMBA HII. Sihitaji fasihi. Mistari miwili. Karatasi ile ina nafasi, nimeipima, kuna picha ya familia inacheka imechukua robo ya ukurasa.

Gavana, wewe nina lako peke yako. Wanaokaa kwenye tume unawachagua kutoka kwenye majina manne unayoletewa na ile kamati. Safari ijayo majina yakija, kabla hujachagua, yaweke hadharani wiki kadhaa pamoja na orodha ya waliowahi kuwalipa hao watu, tuyaone, tuseme. Tumeshajifunza bei ya kutokuuliza, inajulikana mpaka senti.

Na makamishna, mkiwa na kesi ya kupandisha bei mnaweka vikao vya kusikiliza wananchi, nashukuru, nilijaribu kwenda kimoja. Tangazo nililikuta limeshapita siku mbili. Wekeni kimoja huku kwetu Morse Road au Cleveland Avenue, jioni, basi la COTA linafika, siku ya Jumamosi ikiwezekana, na watu waongee lugha walizonazo na nyie ndiyo mtafute mkalimani, kwa sababu tunawalipa. Msije mkafikiri watu hawatakuja. Yule mzee wa mbuzi ameshasema atakuja, na yule mama wa mfuko wa plastiki amesema atakuja na mfuko wote, hachambui, mtachambua wenyewe mezani.

Ukumbi wa kanisa tunaupata bure nikiomba mapema, viti vipo kama themanini, chai na maandazi juu yetu. Mnipe tu taarifa wiki mbili kabla, siku 14 hivi zinatosha, ili niombe kubadilishiwa shifti.

Ni mimi, mbeba boksi na msomaji wa barua,
Columbus, Ohio